Kiholanzi cha Mwanzo katika Vyuo vya Japani: Mwanafunzi, Kamusi na Kuzaliwa kwa Istilahi, 1740–1877

Utangulizi

Katika historia ya ufundishaji wa lugha za kigeni, visa vinavyomfaa mwanaisimu kama kile cha Wajapani waliojifunza Kiholanzi katika karne ya 18 na ya 19 si vingi. Watu hao hawakutawaliwa na Waholanzi. Wengi wao hawakupata kumsikia Mholanzi akisema hata neno moja. Walianza bila ya mwalimu wa kutosha, bila ya kamusi na bila ya sarufi, na katika nyakati fulani bila ya usalama wa nafsi zao. Hata hivyo, katika muda usiozidi miaka 140, walianza na herufi tupu wakaishia kuwa na msamiati wa tiba, fizikia, kemia na falsafa katika lugha ya kwao wenyewe.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama habari ya kuingia kwa sayansi ya Ulaya katika Japani. Makala hii inakitazama kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba mafanikio ya wanafunzi wale hayakutokana na wingi wa elimu iliyokuwamo katika Kiholanzi, kwani zilikuwako lugha za Ulaya zilizobeba elimu nyingi zaidi. Yalitokana na mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi alisoma Kiholanzi akiwa na wajibu wa kuirudisha kila sentensi nyumbani. Hakukifanya Kiholanzi kuwa makao. Pili, Kiholanzi chenyewe kilikuwa lugha iliyokwisha kuthubutu kuiita sayansi kwa majina yake, na kwa hiyo kilimwonyesha mgeni jinsi jambo hilo linavyofanyika.

Wakalimani wa Dejima

Wazungu wa kwanza kufika Japani walikuwa Wareno, mnamo mwaka wa 1543, miaka 45 tu baada ya Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi. Kama walivyoacha maneno ya meza, leso na gereza katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ndivyo walivyoacha katika Kijapani neno pan kwa maana ya mkate na tabako kwa maana ya tumbaku. Lakini mwaka wa 1639 serikali ya Shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, iliwafukuza Wareno kwa kuhofia dini yao na nguvu zilizoandamana nayo. Waholanzi, ambao walileta biashara pasipo mahubiri, waliruhusiwa kubaki. Na mwaka wa 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu katika bandari ya Nagasaki, chenye umbo la upepeo, urefu wa kiasi cha mita 120 na upana wa kiasi cha mita 75. Daraja moja lenye walinzi ndilo lililokiunganisha na mji.

Kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu hawakuruhusiwa kukaa mahali pengine katika nchi ile. Waliosimama kati ya pande mbili walikuwa wakalimani Wajapani, watumishi wa serikali wenye vyeo na daraja, na kazi yao ilirithiwa toka baba hadi mwana. Katika miongo ya mwanzo shughuli nyingi ziliendelea kufanywa kwa Kireno, maana ndicho kilichojulikana. Kiholanzi kilishika nafasi yake polepole. Kijana wa ukoo wa wakalimani alijifunza kwa kusikia na kukariri: hesabu, majina ya bidhaa, salamu, kisha mazungumzo ya kila siku. Ilikuwa lugha ya mizani na ya shehena. Mtu aliweza kuipima sukari yote ya melini kwa Kiholanzi, na bado asiweze kuusoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Mabadiliko yalianza chini ya Shogun Yoshimune. Mwaka wa 1720 alilegeza amri iliyokataza vitabu vyenye elimu ya Ulaya, mradi visiwe vya Kikristo. Na kiasi cha mwaka wa 1740 aliwaagiza wasomi wawili, Aoki Konyo na Noro Genjo, wajifunze Kiholanzi. Aoki alikuwa mtu mashuhuri kwa kueneza kilimo cha viazi vitamu ili kuwaokoa watu na njaa. Mwalimu wake wa Kiholanzi alikuwa ni msafara: kila mwaka mkuu wa Dejima alikwenda Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kutoa heshima kwa Shogun, na katika siku chache za ziara hiyo Aoki aliuliza maswali kwa njia ya wakalimani. Baada ya miaka kadhaa alikuwa na orodha ndogo za maneno. Huo ndio mwanzo wa somo la Kiholanzi nje ya ukumbi wa forodha.

Kitabu kisicho na kamusi

Mwaka wa 1771 madaktari watatu walikutana katika uwanja wa kunyongea wa Kozukappara, huko Edo, kutazama mwili wa mwanamke mzee aliyehukumiwa kifo ukipasuliwa. Walikuwa Sugita Genpaku, Maeno Ryotaku na Nakagawa Junan. Sugita na Maeno walikuja kila mmoja na nakala yake ya kitabu kile kile cha anatomia cha Kiholanzi kilichochapishwa Amsterdam mwaka wa 1734. Kitabu hicho nacho kilikuwa tafsiri: aliyekiandika hapo kwanza, kwa Kijerumani, ni Johann Adam Kulmus. Mzee wa miaka tisini, wa tabaka lililodharauliwa, ndiye aliyeshika kisu. Viungo vilipotolewa kimoja kimoja, madaktari waliona kwamba vinapatana na picha za kitabu, wala havipatani na mafundisho ya kale waliyoyapokea. Wakiwa njiani kurudi waliona aibu ya kuwa wamekuwa waganga miaka yote bila ya kuujua mwili, wakaazimia kukitafsiri. Kesho yake wakaanza.

Ujuzi wao ulikuwa mdogo kwa kiasi cha kushangaza. Maeno, aliyekuwa amekaribia miaka 50, alikuwa amejifunza kwa Aoki na kukaa Nagasaki kwa muda. Alijua maneno mamia kadhaa. Sugita hakuzijua hata herufi. Katika kumbukumbu alizoziandika mwaka wa 1815, akiwa mzee wa miaka themanini na ushei, alieleza jinsi siku nzima ndefu ya majira ya kuchipua ilivyowapitia wakiishughulikia sentensi moja tu, iliyosema kwamba nyusi ni nywele zilizoota juu ya jicho. Neno lisilojulikana walilitia alama ya duara lenye msalaba ndani, wakaendelea mbele. Walikutana siku sita au saba kila mwezi, na baada ya mwaka mmoja waliweza kusoma mistari kumi au zaidi kwa siku.

Kisa kimoja katika kumbukumbu hizo kimekuwa maarufu sana. Sugita asema kwamba walikwama katika maelezo ya pua kwa sababu ya neno moja, verhevene. Katika kijitabu cha Maeno walikuta maelezo kwamba mti ukikatwa tawi hubaki na verhevene, na uwanja ukifagiwa taka hufanya verhevene. Wakafikiri kwa muda, kisha wakatambua: jambo hilo ni kuinuka, kama kichuguu. Furaha yao, asema, ilikuwa kama ya mtu aliyepata kito cha thamani. Wataalamu wa baadaye walipokichunguza kitabu chenyewe hawakulikuta neno hilo katika sehemu ya pua. Yaelekea mzee aliyeandika baada ya miaka zaidi ya 40 alichanganya mahali. Hata hivyo kisa hakipotezi thamani yake kwa mwanaisimu, kwa sababu chaonyesha njia iliyotumika: kulifahamu neno kwa kulitazama katika mazingira yake mbalimbali, jambo ambalo mtunzi wa kamusi hulifanya hadi leo.

Tafsiri ilichapishwa mwaka wa 1774 kwa jina la Kaitai Shinsho, yaani Kitabu Kipya cha Anatomia. Jina la Maeno, aliyekijua Kiholanzi kuwapita wenzake wote, halimo miongoni mwa watafsiri. Iliandikwa kwa mtindo wa Kichina cha kisomi, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya heshima ya wanazuoni. Ila hiyo yafaa ikumbukwe: wafasiri wa 1774 hawakuwa wapigania lugha ya umma. Waliandikia wasomi wenzao, na mizizi waliyoitumia katika kuunda maneno ilikuwa ya Kichina, kama vile mwandishi wa Kiswahili anavyoazima kwa Kiarabu bila ya kuona kwamba ametoka nje ya lugha yake.

Katika utangulizi wa kitabu hicho wafasiri walitaja njia tatu walizozitumia. Ya kwanza ni kutumia neno lililokwisha kuwako: beenderen likawa mifupa. Ya pili ni kufasiri kwa maana: kraakbeen, ambalo kwa Kiholanzi ni mfupa unaotatarika, likawa nankotsu, yaani mfupa laini. Ya tatu ni kutohoa, pale ambapo maana haikushikika: klier, yaani tezi, likaachwa na sauti yake, kiriiru. Neno zenuw liliwapa shida kwa kuwa tiba ya kale haikuwa na kiungo hicho. Wakaunganisha dhana mbili za zamani, ile ya roho ya uhai na ile ya mishipa, wakapata shinkei. Neno hilo lingali linatumika.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba njia ya tatu ilichukuliwa kuwa ni deni la kulipwa baadaye. Kiriiru hakikudumu. Mwaka wa 1805 daktari Udagawa Genshin alibuni alama mpya ya maandishi kwa ajili ya tezi, akiiunganisha alama ya nyama na alama ya chemchemi. Msomaji aliyeiona kwa mara ya kwanza aliweza kuhisi kwamba ni nyama inayotoa maji. Kizazi kimoja kilitohoa, kizazi kilichofuata kikafasiri.

Sarufi, kamusi na karamu

Kazi ya Sugita na wenzake ilizaa wanafunzi, na wanafunzi walihitaji vitabu vya kuanzia. Otsuki Gentaku, aliyesoma kwa Sugita na kwa Maeno, alichapisha mwaka wa 1788 kitabu cha mwanzo cha Kiholanzi kiitwacho Rangaku Kaitei, yaani Ngazi ya Elimu ya Kiholanzi. Kilieleza sababu za kuisoma lugha hiyo, kisha herufi, tarakimu, matamshi na jinsi ya kuunganisha maneno. Jina lake lasema kweli: kwa mara ya kwanza anayeanza alipewa ngazi badala ya kuachwa chini ya ukuta.

Kamusi nazo zilifuata. Mwaka wa 1796 Inamura Sanpaku alikamilisha kamusi ya Kiholanzi kwa Kijapani iliyotegemea kamusi ya Kiholanzi na Kifaransa ya François Halma. Nakala chache tu ndizo zilizotolewa. Huko Dejima, Hendrik Doeff, mkuu wa kituo toka 1803 hadi 1817, aliifanyia kazi kamusi hiyo hiyo ya Halma pamoja na wakalimani. Kazi hiyo ilikamilika mwaka wa 1833, yeye akiwa amekwisha kuondoka. Kwa miaka mingi ilienea kwa kunakiliwa kwa mkono tu.

Katika Nagasaki, Shizuki Tadao aliacha kazi ya ukalimani kwa kisa cha ugonjwa, akajifungia na vitabu. Yeye ndiye aliyechunguza kwa utaratibu aina za maneno na nyakati za vitenzi vya Kiholanzi. Kabla yake wengi walifasiri kwa kubandika neno juu ya neno na kuacha maana ijitokeze yenyewe. Shizuki alionyesha kwamba sentensi ina mifupa yake. Katika kutafsiri kitabu cha fizikia, kati ya 1798 na 1802, alibuni neno inryoku, yaani nguvu ya kuvuta, kwa dhana ya uvutano aliyoieleza Newton.

Utamaduni haukuachwa nyuma. Mwishoni mwa mwaka wa Kijapani, katika siku iliyolingana na tarehe 1 Januari 1795, Otsuki aliwaalika marafiki chuoni pake Edo kusherehekea Mwaka Mpya kwa kalenda ya Waholanzi. Mchoro wa karamu hiyo umehifadhiwa: wageni wameketi kuizunguka meza moja ndefu, na mbele yao pana bilauri, visu na nyuma. Hapakuwa na Mholanzi hata mmoja wa kuwasahihisha. Mtu anaweza kucheka. Lakini wasomi hao walikuwa wametambua kwamba maneno ya chakula, ya saa na ya kalenda hayafahamiki kwa kamusi peke yake.

Kiholanzi kama kielelezo

Hapa yapasa kuuliza kwa nini Kiholanzi kiliwafaa wafasiri hawa kwa kiasi hicho. Jibu moja limo katika umbo la istilahi zake. Wasomi wengi wa Ulaya waliiandika sayansi kwa Kilatini na Kigiriki, na mtu wa kawaida aliyekutana na istilahi hizo alikutana na ukuta. Waholanzi nao waliyatumia maneno hayo, lakini kando yake walijenga mengine kwa miti ya kwao. Haidrojeni kwa Kiholanzi ni waterstof, kitu cha maji. Oksijeni ni zuurstof, kitu cha ukali. Nitrojeni ni stikstof, kitu cha kukaba pumzi. Kaboni ni koolstof, kitu cha makaa.

Desturi hiyo ilikuwa na mizizi ya zamani. Simon Stevin, mwanahisabati aliyezaliwa Brugge mwaka wa 1548, alichapisha mwaka wa 1586 kitabu cha elimu ya mizani kwa Kiholanzi, akakitanguliza kwa hotuba ya kuitetea lugha yake. Alihesabu maneno ya silabi moja katika Kiholanzi, Kilatini na Kigiriki, akadai kwamba lugha yenye maneno mengi mafupi ndiyo ifaayo zaidi kuunda maneno ya sayansi kwa kuyaunganisha. Hoja yake inaweza kupingwa, ila matunda yake yapo: Kiholanzi huiita hisabati wiskunde, elimu ya hakika, jina litokanalo na istilahi yake. Mwaka wa 1600 ndiye aliyeandika mpango wa masomo wa shule ya wahandisi iliyoambatana na Chuo Kikuu cha Leiden, na mpango huo uliamuru kwamba mafundisho yatolewe kwa Kiholanzi. Wakati huo Kilatini ndicho kilichotawala katika chuo hicho, na kiliendelea kutawala kwa muda mrefu. Profesa wa kwanza wa Kiholanzi huko, Matthijs Siegenbeek, aliteuliwa mwaka wa 1797. Kwa hiyo lugha waliyoisoma Wajapani ilikuwa nayo imepita katika kudharauliwa na wasomi wa kwao.

Udagawa Yoan, aliyelelewa katika ukoo ule ule wa Genshin, alipoandika kitabu kikubwa cha kemia kilichotoka kati ya 1837 na 1847, alizifuata istilahi za Kiholanzi hatua kwa hatua: suiso ni asili ya maji, sanso asili ya ukali, chisso asili ya kukaba pumzi, tanso asili ya makaa. Mtoto wa Kijapani anayeanza kemia leo hukutana na maneno hayo hayo, wala hana haja ya kujua kwamba nyuma yake kuna Kiholanzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni alikwisha kwenda zake, na mwenyeji bado anaitumia dawa.

Hatari ya kusoma

Si haki kulisimulia jambo hili kana kwamba lilikuwa la amani. Mwaka wa 1828 iligunduliwa kwamba Philipp Franz von Siebold, daktari wa Dejima aliyewafundisha Wajapani wengi, alikuwa na ramani za nchi zilizokatazwa kutolewa. Yeye alifukuzwa mwaka uliofuata. Mnajimu wa serikali aliyempa ramani, Takahashi Kageyasu, alifia gerezani. Mwaka wa 1839 wasomi walioikosoa siasa ya kuzifukuza meli za kigeni walikamatwa. Watanabe Kazan alijiua mwaka wa 1841 akiwa katika kifungo cha nyumbani. Takano Choei, tabibu na mfasiri hodari, alitoroka jela mwaka wa 1844, akauharibu uso wake asitambulike, akaendelea kutafsiri katika maficho mpaka alipovamiwa mwaka wa 1850 akafa. Watawala waliitaka elimu ya Kiholanzi itibu wagonjwa na kurekebisha kalenda. Hawakuitaka ifundishe watu kuuliza.

Mwanafunzi wa Osaka

Chuo kilichoacha picha iliyo wazi kuliko vyote cha maisha ya mwanafunzi wa Kiholanzi ni Tekijuku, kilichofunguliwa na daktari Ogata Koan katika mji wa Osaka mwaka wa 1838. Nyumba yake ingaliko. Daftari la wanafunzi lililoanzishwa mwaka wa 1844 lina majina zaidi ya 600, kutoka pembe zote za nchi. Mmoja wao ni Fukuzawa Yukichi, aliyeingia mwaka wa 1855 na ambaye baadaye aliyaeleza maisha hayo kwa kirefu katika tawasifu yake.

Anayeanza alipewa vitabu viwili vya sarufi ya Kiholanzi vilivyochapishwa upya Edo, kimoja kikiitwa Grammatica na cha pili Syntaxis. Alisomewa na kuelezwa na mwanafunzi aliyemtangulia. Akivimaliza hivyo viwili, msaada ulikoma. Toka hapo aliingia katika kikao cha kusoma kwa mashindano, ambapo kila mmoja alifasiri fungu lake mbele ya wenzake, naye aliyetoa maana sahihi aliandikiwa alama nyeupe, na aliyekwama alama nyeusi. Kumuuliza mwenzako kabla ya kikao ilikuwa aibu. Tegemeo lilikuwa ni kamusi ya Doeff, na chuo kizima kilikuwa na nakala moja, iliyowekwa katika chumba chake maalumu. Usiku wa kuamkia kikao taa za chumba hicho hazikuzimika. Fukuzawa asimulia kwamba siku moja aliugua, akatafuta mto wa kulalia, ndipo akakumbuka kwamba kwa muda wa mwaka mzima hakuwa amelala kitandani kwa utaratibu. Usingizi ulipomshika aliegemea dawati.

Vitabu vya Kiholanzi vya chuo kizima havikuzidi kiasi cha kumi, na kila mwanafunzi alinakili kwa mkono sehemu aliyotaka kuisoma. Bwana mmoja mkubwa alipopita Osaka akiwa na kitabu kipya cha fizikia cha bei kubwa mno, Ogata alikiazima kwa siku tatu na siku mbili za usiku wake. Wanafunzi waligawana zamu, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika, mchana na usiku, hata wakaimaliza sura yote ya umeme. Muda ulipokwisha walikipapasa kitabu kile kama watu wanaoagana na mzazi.

Ya kuangaliwa katika habari hii ni yale yasiyokuwamo. Hapakuwa na mazoezi ya kusema. Hapakuwa na ahadi ya cheo. Fukuzawa mwenyewe asema kwamba wanafunzi wa Osaka walisoma bila ya kujua elimu hiyo itawapa kazi gani. Na hapakuwa na somo lililofundishwa kwa Kiholanzi. Mjadala wote, tangu mwanzo hadi mwisho, ulikuwa kwa Kijapani. Kiholanzi kilikuwa juu ya meza; Kijapani kilikuwa vinywani.

Yokohama na Leiden

Mwaka wa 1859 bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni. Fukuzawa, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameanza kufundisha Kiholanzi Edo katika shule ndogo iliyokua baadaye kuwa Chuo Kikuu cha Keio, alikwenda kwa miguu kuutazama mji huo. Hakuweza kuyasoma maandishi ya madukani, wala wenye maduka hawakumfahamu. Lugha ya biashara ya dunia ilikuwa imekwisha kuwa Kiingereza. Miaka yote ya kukesha ilionekana kuwa imepotea bure. Lakini kesho yake aliamua kuanza upya, akitumia kamusi ya Kiingereza na Kiholanzi. Na haikuchukua muda kabla ya kugundua kwamba aliyekwisha kuijua sarufi ya lugha moja haanzi chini kabisa katika lugha iliyo ndugu yake.

Wengine walikifuata Kiholanzi hadi kwao. Nishi Amane na Tsuda Mamichi, waliokuwa walimu katika taasisi ya serikali ya kuchunguza vitabu vya kigeni, walifika Uholanzi mwaka wa 1863. Kwa miaka miwili profesa Simon Vissering wa Chuo Kikuu cha Leiden aliwafundisha, kwa mafunzo ya faragha, sheria ya maumbile, sheria ya mataifa, sheria ya katiba, uchumi na takwimu. Waliporudi waliyafasiri mafundisho hayo kwa Kijapani. Nishi ndiye aliyebuni neno tetsugaku kwa falsafa, likatokea katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1874. Taasisi waliyotoka ilikuwa moja ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Tokyo kilichoundwa mwaka wa 1877.

Kati ya safari hiyo na kuundwa kwa chuo palizuka mjadala mkali. Mori Arinori, mwakilishi wa Japani huko Marekani, alipendekeza kati ya 1872 na 1873 kwamba Wajapani wachukue Kiingereza, kwa sababu lugha yao haitoshi kubeba elimu ya kisasa. Aliyemjibu ni mwanafunzi aliyekuwa Uingereza, Baba Tatsui, aliyechapisha London mwaka wa 1873 kitabu cha sarufi ya Kijapani ili kuonyesha kwamba lugha hiyo ina utaratibu wake uliotimia. Alionya pia kwamba elimu ikitolewa kwa lugha ya kigeni, wenye nafasi watajifunza na wengi watabaki nje ya mlango. Chuo cha Tokyo kilianza kwa kufundisha masomo mengi kwa lugha za kigeni, hasa Kiingereza na Kijerumani; lakini kadiri walimu wenyeji walivyoongezeka, Kijapani kilichukua nafasi. Kiliweza kufanya hivyo kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha kutayarishwa. Suiso, shinkei na inryoku yalikuwa yakingoja darasani.

Hitimisho

Njia tatu za mwaka wa 1774 si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Lugha hii nayo ilikuwa na neno tezi, wala haikuhitaji kuazima. Imepanua maana ya umeme toka radi za mbinguni hadi nyaya za nyumbani. Imekuwa na mshipa wa fahamu kando ya neva, na nguvu ya uvutano kando ya oksijeni na haidrojeni. Tofauti haimo katika njia, kwani ni zile zile. Imo katika swali la nani anayezitumia, na kwa ajili ya nani. Huko Edo na Osaka aliyebuni neno alikuwa ndiye aliyelihitaji kesho yake asubuhi, mbele ya wenzake au mbele ya mgonjwa. Istilahi haikutolewa katika orodha ikangoja watumiaji. Ilitoka katika sentensi iliyokwama.

Historia hii haisemi kwamba lugha za kigeni zisisomwe. Kinyume chake, yaonyesha watu waliozisoma kwa bidii isiyo na mfano. Inachosema ni kwamba kipimo cha somo la lugha ya kigeni katika chuo si jinsi mwanafunzi anavyoifanana sauti ya mgeni, bali ni kile anachokirudisha nyumbani. Sugita hakujifunza kusema Kiholanzi maisha yake yote. Alijua tu kwamba sentensi ya nyusi lazima iishe kabla ya jua kutua.